Rekodi nyingi katika lugha ya C: safu sambamba, safu ya miundo au orodha ya viungo?

Anayeandika programu kwa lugha ya C hufika mapema mahali ambapo kigeu kimoja kimoja hakimtoshi tena. Ana bidhaa za dukani, kila moja ina jina, bei na idadi iliyobaki, na lugha inampa walau njia tatu za kuzipanga. Anaweza kuwa na safu tatu (safu ni mfululizo wa thamani za aina moja, kila moja ikiwa na namba ya nafasi yake) zinazokwenda sambamba, anaweza kufafanua muundo mmoja wa bidhaa kisha akatengeneza safu ya miundo hiyo, au anaweza kuuweka kila muundo peke yake kwenye kumbukumbu na kuiunganisha kwa vielekezi, yaani vigeu vinavyohifadhi anwani za vitu kwenye kumbukumbu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hukubali zote tatu bila kunung'unika, na uchaguzi mbaya hauonekani siku ya kwanza. Huonekana miezi kadhaa baadaye, data ikishakuwa nyingi na programu ikishapita mikono ya watu wawili watatu.

Muundo, yaani kile kinachoandikwa `struct`, ni aina ya data inayokusanya vitu vya aina mbalimbali chini ya jina moja, na kila kitu ndani yake nitakiita uga. Haukuwamo katika lugha tangu mwanzo. Dennis Ritchie, aliyeibuni C, na wenzake wa maabara ya Bell Labs waliuongeza mwaka 1973, na ni mwaka huohuo ndipo kiini cha mfumo endeshi wa Unix kilipoandikwa upya kwa C. Alama za enzi zile tunaziona hadi leo. Kompaila za mwanzo ziliweka majina ya nyuga za miundo yote katika kapu moja, hivyo miundo miwili isingeweza kutumia jina moja la uga kwa uhuru, na ndiyo sababu muundo wa taarifa za faili una nyuga kama `st_size` na ule wa tarehe una `tm_year`. Leo kila muundo una kapu lake, na huna haja ya viambishi hivyo.

Tunapima kwa nini

Nitazipima njia zote tatu kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni usomekaji na usalama: je, msimbo wenyewe unaonyesha kwamba jina, bei na idadi ni vya bidhaa moja, na ni rahisi kiasi gani kuvitenganisha kwa bahati mbaya? Cha pili ni kumbukumbu na kasi, ambavyo ninaviweka pamoja kwa sababu katika kompyuta za sasa mpangilio wa data ndio huamua kasi mara nyingi kuliko wingi wa hesabu. Cha tatu ni gharama ya kuongeza na kufuta. Cha nne ni namna data inavyopitishwa kwenye funksheni na kuandikwa kwenye faili. Vipimo vya baiti nitakavyovitaja ni vya mashine ya kawaida ya biti 64, ambako `int` ni baiti 4 na kielekezi ni baiti 8.

Njia ya kwanza: safu sambamba

```c
char jina[10000][40];
int  bei[10000];
int  idadi[10000];
```

*Usomekaji na usalama.* Hakuna kitu ndani ya msimbo huu kinachosema kwamba `jina[7]`, `bei[7]` na `idadi[7]` ni vya bidhaa moja. Undugu wao umo kichwani mwa aliyeuandika. Programu yangu ya kwanza ya stoo, niliyoiandika kwa ajili ya duka la shangazi, ilikuwa hivi. Niliongeza kipengele cha kupanga bidhaa kuanzia bei ndogo, nikabadilishana nafasi za bei na za idadi, nikasahau safu ya majina. Daftari lilianza na sukari 3200, chumvi 800 na mafuta 6500. Orodha iliyochapwa ikasomeka sukari 800, chumvi 3200, mafuta 6500. Shangazi aliishika karatasi akaniuliza, "Mwanangu, chumvi ya shilingi 3200 umeitoa wapi?" Kompaila haikuwa imetoa onyo lolote, na haikuwa na sababu ya kulitoa, kwa kuwa kila safu peke yake ilikuwa sahihi.

*Kumbukumbu na kasi.* Hapa safu sambamba inastahili heshima ambayo vitabu vya wanaoanza havimpi. Prosesa haivuti baiti moja moja kutoka kwenye kumbukumbu kuu; huvuta fungu zima, ambalo kwa prosesa nyingi za kompyuta za sasa ni baiti 64, na kuliweka katika kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo inayoitwa kashe. Ukitaka kutafuta bei ya juu kuliko zote, fungu moja la safu ya `bei` linakuletea bei 16 kwa mkupuo. Data hiyohiyo ikiwa ndani ya muundo wa baiti 48, fungu moja lina rekodi moja na theluthi, na sehemu kubwa ya kilichovutwa ni majina ambayo hukuyahitaji. Isitoshe, namba zinazofuatana bila kitu katikati humwezesha kompaila kutumia amri za prosesa zinazoshughulikia namba kadhaa kwa wakati mmoja.

*Kuongeza na kufuta.* Kuongeza mwishoni ni rahisi. Kufuta katikati kunakulazimu kusogeza safu zote tatu, na ukiongeza ya nne kesho, lazima ukumbuke kila mahali ulipokuwa ukisogeza tatu.

*Funksheni na faili.* Kila funksheni itapokea vielekezi vitatu pamoja na hesabu ya bidhaa, na siku utakapohitaji tarehe ya kuisha muda, utabadilisha vichwa vya funksheni zote. Dawa nzuri ipo: zifunge safu zenyewe ndani ya muundo mmoja, uuite `struct stoo`, kisha upitishe kielekezi chake tu. Kwa njia hiyo unabaki na kasi na kupunguza vurugu. Usiupitishe mzima, kwa maana funksheni ingenakili baiti 480,000 kila inapoitwa.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayefanya hesabu juu ya safu nzima mara kwa mara na kugusa uga mmoja au miwili kila mara: vipimo vya sensa, chembe katika mchezo wa kompyuta, sampuli za sauti, takwimu za hali ya hewa.

Njia ya pili: safu ya miundo

```c
struct bidhaa {
    char jina[40];
    int  bei;
    int  idadi;
};

struct bidhaa stoo[10000];
struct bidhaa b = { .jina = "Sukari", .bei = 3200, .idadi = 14 };
```

*Usomekaji na usalama.* Sasa undugu umeandikwa. `stoo[7].bei` haiwezi kutengana na `stoo[7].jina`, na ukihamisha rekodi unaihamisha yote kwa alama moja ya `=`. Hilo la kunakili muundo mzima halikuwezekana katika kompaila za mwanzo. Lilikuja baadaye na likathibitishwa katika kiwango cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, cha mwaka 1989. Namna ya kuanzisha kwa kutaja jina la uga, kama nilivyofanya kwa `b`, ilikuja na C99, kiwango cha lugha cha mwaka 1999, na ninaihimiza kwa moyo wote: ukibadilisha mpangilio wa nyuga thamani bado zitaingia mahali pake, na uga ambao hukuutaja huwekwa sifuri.

Mitego iliyobaki ni michache lakini inafaa kujulikana. Miundo miwili hailinganishwi kwa `==`; lazima ulinganishe uga kwa uga. Jina likiwa safu ya herufi halipokei thamani mpya kwa `=` baada ya kutangazwa, bali hunakiliwa, na njia salama ni `snprintf(b.jina, sizeof b.jina, "%s", jipya)`. Kupanga kwa bei, kule kulikoniharibia daftari la shangazi, sasa ni kazi ya `qsort`, funksheni ya kupanga safu iliyo katika maktaba ya kawaida, pamoja na funksheni moja fupi:

```c
int linganisha_bei(const void *x, const void *y)
{
    const struct bidhaa *a = x;
    const struct bidhaa *c = y;
    return (a->bei > c->bei) - (a->bei < c->bei);
}

qsort(stoo, n, sizeof stoo[0], linganisha_bei);
```

Wapo wanaouliza kama waandike `typedef`, inayoipa aina ya data jina jingine, ili waondokane na kurudia neno `struct`. Ni suala la mtindo. Waandishi wa kiini cha Linux wanashauri kutoitumia kwa miundo, ili msomaji aone papo hapo kwamba anashika muundo. Miradi mingine mingi huitumia bila tatizo. Fuata desturi ya mradi uliomo.

*Kumbukumbu na kasi.* Muundo si lazima uwe na ukubwa sawa na jumla ya nyuga zake. Kompaila huweka kila uga kwenye anwani inayoufaa, na pengo likitokea hulijaza kwa baiti zisizo na maana. Chukua rekodi ya mwanafunzi yenye `char daraja; double jumla; int namba;` kwa mfuatano huo. Herufi inachukua baiti 1, zinafuata 7 za kujazia ili `double` ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kisha 8 za jumla, 4 za namba, na 4 nyingine za kujazia mwishoni ili rekodi inayofuata katika safu nayo ianze sawasawa. Jumla ni 24. Ziandike nyuga hizohizo kuanzia kubwa kwenda ndogo, yaani `double`, `int`, `char`, na muundo unakuwa baiti 16. Theluthi ya kumbukumbu imerudi kwa kubadilisha mpangilio wa mistari mitatu. Bidhaa yetu haina pengo lolote: 40, 4 na 4 ni 48 kamili.

Kwa kasi, safu ya miundo hushinda pale unapoigusa rekodi yote, kwa mfano unapochapa risiti, kwa kuwa jina, bei na idadi vimekaa pamoja. Hushindwa pale unapopitia uga mmoja wa rekodi nyingi mno, kwa sababu niliyoieleza juu. Kwa bidhaa mia mbili tofauti hiyo huwezi hata kuipima kwa macho.

*Kuongeza na kufuta.* Unaongeza mwishoni, na nafasi ikiisha unaomba kubwa zaidi kwa `realloc`. Hapo pana hatari moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aione kabla haijamuuma. `realloc` inaweza kuihamisha safu nzima kwenda anwani nyingine. Ikiwa mahali fulani ulihifadhi kielekezi, tuseme `struct bidhaa *niipendayo = &stoo[3];`, baada ya kuhama kielekezi hicho kinaonyesha mahali ambapo si pako tena, na programu inaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kwa wiki nzima kabla ya kuanguka. Katika safu inayokua, hifadhi namba ya nafasi, yaani 3, badala ya anwani. Kufuta katikati kunahitaji kusogeza rekodi zinazofuata. Kama mpangilio haujalishi, leta rekodi ya mwisho uijaze nafasi iliyo wazi, na kazi imekwisha.

*Funksheni na faili.* C hupitisha muundo kwa nakala. Funksheni `void uza(struct bidhaa b)` inayopunguza `b.idadi` inapunguza idadi ya nakala, na stoo inabaki vilevile. Mwuzaji ataendelea kuona mifuko 14 ya sukari hata baada ya kuuza 10. Pokea kielekezi, `void uza(struct bidhaa *b)`, na utumie mshale, `b->idadi`, ambao ni njia fupi ya kuandika `(*b).idadi`. Kama funksheni inasoma tu, andika `const struct bidhaa *b`, na kompaila itakulinda dhidi ya kubadilisha usichokusudia. Nakala si mbaya daima: muundo mdogo, kama nukta yenye x na y, hupitishwa kwa nakala bila gharama ya maana na bila wasiwasi wa nani anambadilishia nani.

Kwenye faili, `fwrite` moja inaandika stoo yote kwa sababu jina limo ndani ya muundo. Ukibadilisha `char jina[40]` kuwa `char *jina`, unapata uhuru wa majina marefu lakini unachoandika kwenye faili ni anwani, ambayo kesho haina maana yoyote. Hali kadhalika, kunakili muundo kwa `=` kutanakili anwani tu, na rekodi mbili zitaanza kugombea jina moja. Zaidi ya hayo, baiti za kujazia na mpangilio wa baiti ndani ya namba hutofautiana kati ya mashine, kwa hiyo faili la namna hiyo lisisafirishwe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ya aina tofauti. Kwa hilo andika maandishi ya kawaida, uga kwa uga.

*Inamfaa nani.* Inawafaa wengi wanaoandika programu za kawaida za kuweka rekodi: stoo, matokeo ya mitihani, orodha ya wateja, tiketi za basi.

Njia ya tatu: orodha ya viungo

```c
struct kiungo {
    struct bidhaa data;
    struct kiungo *kinachofuata;
};
```

Muundo hauwezi kujibeba wenyewe, kwa kuwa ukubwa wake usingekuwa na mwisho, lakini unaweza kubeba kielekezi cha muundo wa aina yake. Hilo tu ndilo linalotosha kuunda orodha, na kwa kuongeza kielekezi cha pili, mti.

*Usomekaji na usalama.* Rekodi yenyewe inasomeka sawa na katika njia ya pili. Ugumu umo katika umiliki, kwa sababu kila kiungo kimeombwa kwa `malloc` na lazima kirudishwe kwa `free` mara moja tu. Angalia namna ya kuifuta orodha yote:

```c
while (kichwa != NULL) {
    struct kiungo *baadaye = kichwa->kinachofuata;
    free(kichwa);
    kichwa = baadaye;
}
```

Mstari wa `baadaye` ndio roho ya kitanzi hiki. Ukiita `free` kwanza kisha ukauliza kinachofuata ni nani, unasoma kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha.

*Kumbukumbu na kasi.* Kila rekodi sasa ni baiti 56 badala ya 48, na `malloc` yenyewe huongeza baiti zake za kujiwekea hesabu. Viungo hutawanyika, hivyo prosesa hulazimika kukisoma kiungo kimoja ili ijue cha pili kiko wapi, na haiwezi kuvuta mafungu kwa mfuatano. Kufikia rekodi ya 5000 ni kupitia 4999 zilizotangulia. `qsort` na mwenzake wa kutafuta, `bsearch`, hazitumiki hapa, kwa kuwa zinahitaji safu.

*Kuongeza na kufuta.* Ukiwa umeshakishika kiungo, kuingiza kingine baada yake ni kubadilisha vielekezi viwili tu, hata orodha iwe ndefu kiasi gani. Jambo jema zaidi, ambalo kwa maoni yangu ndilo sababu ya kweli ya kuichagua njia hii, ni kwamba kiungo hakihami kamwe. Anwani uliyoihifadhi leo ni halali hadi utakapokifuta mwenyewe, na ile hatari ya `realloc` haipo.

*Funksheni na faili.* Unapitisha kielekezi cha kichwa, au kielekezi cha kielekezi ikiwa funksheni inaweza kubadilisha kichwa chenyewe. Kwenye faili huandiki viungo, unaandika `data` ya kila kimoja na kuijenga orodha upya wakati wa kusoma.

*Inamfaa nani.* Inamfaa ambaye rekodi zake huja na kuondoka kila wakati na ambaye sehemu nyingine za programu zinashika anwani zake: foleni za kazi, miunganisho ya mtandao, historia ya hatua za kutendua.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama unajifunza, au rekodi zako ni mamia au maelfu machache, anza na safu ya miundo. Kuna makosa machache ya kufanya, na zana za maktaba ya kawaida zitakusaidia.

Kama umepima na kuona kwamba programu inapoteza muda ikizunguka juu ya uga mmoja wa rekodi laki na zaidi, hamia kwenye safu sambamba zilizofungwa ndani ya muundo mmoja. Pima kwanza, kwa sababu mara nyingi muda unapotea kwenye kusoma faili au kuchapa kwenye skrini.

Kama rekodi zinaingia na kutoka katikati siku nzima na kuna wanaozishikilia kwa anwani, orodha ya viungo ina sababu ya kuwapo. Kama zinaingia mwishoni na kutoka mwanzoni tu, safu inayozunguka, ambayo mwisho wake ukifika unarudi mwanzo, hufanya kazi hiyohiyo bila `malloc` kwa kila rekodi.

Kwenye vidhibiti vidogo, yaani chipu zinazoendesha vifaa vya kielektroniki, hali ni nyingine kabisa. ATmega328P, chipu iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno R3, ina baiti 2048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Huko `int` ni baiti 2, kwa hiyo bidhaa yetu ni baiti 44, na hata ungetumia kumbukumbu yote zingeingia 46 tu. Epuka `malloc`, tumia safu ya ukubwa maalumu, na fupisha jina. Kumbuka pia kwamba `int` ya baiti 2 inaishia 32,767. Mfuko wa mchele wa shilingi 90,000 hauingii humo, hivyo andika `int32_t` kutoka `stdint.h`.

Na kama bado hujui programu itakua kuelekea wapi, jinunulie nafasi ya kubadili mawazo. Katika faili la kichwa, lile la `.h`, andika tu `struct stoo;` bila kufichua nyuga zake, kisha utangaze funksheni: `stoo_ongeza`, `stoo_uza`, `stoo_chapa`, zote zikipokea `struct stoo *`. Nyuga zenyewe ziandike ndani ya faili moja la `.c`. Wanaotumia stoo hawataweza kugusa cha ndani, na siku utakapohama kutoka safu ya miundo kwenda safu sambamba, utabadilisha faili hilo moja. Umekwisha kuutumia mpango wa namna hii kila ulipofungua faili kwa `fopen`: unapokea `FILE *`, unaipitisha kwa `fprintf` na `fclose`, na hujawahi kuhitaji kujua ndani yake mna nini.